Shangazi, kila ndugu ananitumia dawa ya kumtoa mdogo wangu kwenye unga. Nimwamini nani?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza mchele na maharage pale Mwanjelwa, Mbeya. Nakuandikia kuhusu mdogo wangu wa kiume. Ana miaka 24, anaendesha bajaji ya mtu. Mwaka jana nilianza kusikia hesabu kwa tajiri wake haifiki, mara simu imepotea, mara tunaongea naye huku anasinzia na kujikuna. Tukambana, akakiri kwamba anavuta unga, yaani heroini. Anasema hajidungi, anachanganya na bangi, wenyewe wanaita kokteli. Siku akikosa anaumwa arosto: anatapika, anaharisha, miguu inamvuta usiku kucha.

Nimemchukua anakaa kwangu na mwenyewe anasema amechoka, anataka kuacha. Sasa tangu ndugu wajue, simu yangu haipumziki. Dada yetu wa Makambako ametuma tangazo la mtaalamu wa mitishamba anayesafisha damu kwa siku saba, teja anaacha kabisa, bei 280,000. Lina video za watu watatu wakishuhudia. Mama yuko Rungwe, ameuza parachichi zake na anataka kutuma hela Ijumaa hii kwa sababu mtaalamu anasema baada ya hapo bei inapanda.

Mimi nilikuwa nimesikia habari za methadoni, dawa ya hospitali wanayopewa watu wa unga ili waache. Nikasoma mahali kwamba inapatikana Dar tu. Halafu shemeji akaniletea sauti ya WhatsApp, mtu anasema yeye ni daktari wa Muhimbili na kwamba methadoni inaozesha mifupa, mwanaume hazai tena, na ni njia ya kuwafanya vijana wetu mateja wa serikali. Nikaogopa.

Mdogo wangu naye hataki kusikia la hospitali. Usiku yuko kwenye simu anasoma maandishi ya Kiingereza ya watumiaji wa Ulaya na Marekani, wanaelezana kiasi cha kutumia na namna ya kujitoa wenyewe. Anasema hao ndio wanaojua, madaktari wanasoma vitabu tu. Amenionyesha video ya kijana aliyejifungia chumbani wiki nzima akatoka mzima, anataka na yeye nimfungie. Mjomba anasema apewe bangi peke yake imsaidie kushuka taratibu, maana bangi ni dawa na hapo Malawi imeruhusiwa. Jirani kanifundisha kwamba akizidiwa nimnyweshe maziwa na kummwagia maji baridi. Na jana kwenye kundi la ukoo imeletwa video ya watu wamepinda migongo barabarani kama mizimu, imeandikwa Tunduma.

Shangazi, mimi niliishia kidato cha nne. Nitajuaje lipi la kweli?

Dada mtu, Mwanjelwa

*

Marahaba, mwanangu.

La kwanza ni la haraka: hela ya mama isitumwe Ijumaa. Mpigie leo umwambie azishike, sababu nakueleza hapa chini. Na kidato cha nne kinakutosha sana kwa kazi hii.

Umeuliza umwamini nani. Ukilishika swali hilo hivyo litakuchosha, kwa sababu katika hao wote hakuna anayesema uongo mtupu, wala hakuna anayejua yote. Mdogo wako anaijua arosto kuliko daktari ambaye haijawahi kumpata. Mjomba ni kweli kwamba Malawi wamegusa sheria yao. Hata huyo wa sauti ya WhatsApp kuna kipande amekipatia. Kwa hiyo waache watu, chukua kila neno peke yake, uliulize: huyu hili analijuaje? Ameliona kwa macho? Amelisikia mwilini mwake? Limepimwa maabara? Wamehesabiwa wagonjwa wengi kwa miaka? Au na yeye kaletewa tu kama ulivyoletewa wewe? Kazini kwako unafanya hivyo kila siku. Gunia likija limeandikwa mchele wa Kyela huyanunui maandishi, unatia mkono mpaka katikati, unanusa, unatafuna punje, unauliza limetoka kwa nani.

Tuanze na huyo mtaalamu wa siku saba. Anachosema kwamba mtu anaweza kutoka kwenye arosto ndani ya siku saba si cha ajabu hata kidogo, na hapo ndipo mtego ulipo. Arosto ya heroini huanza saa 8 hadi 24 baada ya kete ya mwisho, inapanda, halafu inaisha yenyewe kati ya siku 4 na 10 hivi, dawa iwepo isiwepo. Ukimpa mtu unga wa mizizi, uji au maji ya kunywa, siku ya nane atasimama na kukushukuru. Hao watatu kwenye video huenda hawakudanganya. Wamerekodiwa siku ya nane. Muulize mtaalamu wako swali moja: wale uliowatibu mwaka jana wako wapi leo, wangapi wamerudi kijiweni? Mtu aliyewafuatilia wagonjwa wake ana jibu, na jibu lake litakuwa na walioshindwa ndani yake. Muulize pia kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na kama hiyo dawa yake inatambuliwa na TMDA, mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba. TMDA wana ofisi ya kanda hapo hapo Mbeya, unaweza kwenda kuuliza mwenyewe. Akikujibu kwamba dawa ya mababu haina usajili, au akikuharakisha kwa sababu bei inapanda Ijumaa, umeshapata jibu. Mtu mwenye tiba hana haja ya kumkimbiza mama mzee atoe hela ya parachichi.

Kuna hatari nyingine ndani ya huo unga wa mizizi. Duniani kote zimewahi kukamatwa dawa zinazouzwa kama mitishamba kumbe zimechanganywa vidonge vya hospitali. Mtu mwenye heroini mwilini akinyweshwa dawa ya usingizi bila kujua, pumzi inaweza kukata.

Sasa methadoni. Hapa nitakaa, kwa sababu hofu hii imewarudisha nyumbani vijana wengi waliokuwa wameshafika mlangoni.

Sikiliza ile sauti tena. Je, huyo daktari ametaja jina lake? Idara yake? Mwaka? Mgonjwa gani, ameona nini, amempima vipi? Juu ya ujumbe wenyewe tazama kama kuna mishale miwili. Ikiwepo, maana yake umerushwa mkono kwa mkono mara nyingi, na aliyekutumia hamjui aliyesema. Halafu pima maneno yake kwa jambo hili: Muhimbili ndiko huduma ya methadoni ilikoanzia Tanzania bara, mwaka 2011. Hospitali hiyo hiyo anayojitambulisha nayo imekuwa ikitoa dawa hiyo miaka yote hiyo. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Kwa hiyo anayesema inaozesha mifupa anabishana na kumbukumbu za wagonjwa wa nchi nyingi, tangu miaka ya 1960 huko New York ilikoanza kutumika kwa kazi hii, na yeye ameleta sauti ya dakika mbili.

Maumivu ya mifupa yapo kweli, na nadhani uvumi umezaliwa hapo. Mgonjwa ambaye dozi yake bado ni ndogo anaanza kusikia arosto kabla ya kesho yake, na arosto huuma kwenye viungo. Anasema mifupa inaniuma, anayesikia anaongeza kwamba inaoza. Meno pia: methadoni hukausha mate, na mdomo mkavu usiopigwa mswaki meno huharibika. Inafunga choo, inatoa jasho, wanaume wengine hamu hupungua. Hayo ni ya kweli na wahudumu watamwambia. Lakini kuzaa watu wanazaa. Methadoni hupewa hata wajawazito waliokuwa wanatumia heroini, kwa sababu ni salama kwao kuliko kukatishwa ghafla.

Na lile la mateja wa serikali? Ni kweli kwamba dawa hii mtu huinywa kila siku, mara nyingi kwa miaka, na akiiacha ghafla ataumwa. Tofauti ni kwamba heroini inadumu saa chache, ndiyo maana mdogo wako anaamka akitafuta kete na mchana anatafuta nyingine. Methadoni inakaa zaidi ya siku nzima, inanywewa mara moja mbele ya mhudumu, na kiasi chake kinajulikana. Mtu anarudi kazini. Mzigo wake mkubwa ni safari ya kila siku kituoni, na huo nisingependa uufiche, maana dereva wa bajaji saa za asubuhi ndizo zenye abiria. Mwambie pia kwamba siku za mwanzo dozi inapopandishwa anaweza kusinzia, asishike usukani mpaka waliomwanzishia wamruhusu.

Ulisoma kwamba ipo Dar tu. Aliyeandika hakudanganya, aliandika zamani. Kwa miaka kadhaa ilikuwa Dar kweli, lakini Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ilianza kuitoa mwaka 2017. Ndiyo hospitali yako hiyo, nauli ya bajaji tu. Kila unaposoma habari ya matibabu au sheria, itafute tarehe kabla hujaifanyia kazi. Isipokuwepo tarehe, piga simu au nenda uulize.

Nije kwa mdogo wako na wale wenzake wa Ulaya. Usimkejeli kwa kuwasoma. Watumiaji wakizungumza wao kwa wao mara nyingi ni wakweli kuliko mabango, na kuna mambo hutayapata kwingine: arosto inaanzaje, usiku wa tatu ukoje, hamu inarudi lini, nani alimsaidia. Hayo wanayajua kwa mwili, na ushuhuda wa mwili ni ushuhuda. Mkae msome pamoja, akutafsirie.

Ila wakifika kwenye kiasi, hapo hawajui, na hawawezi kujua. Mtu wa Manchester anapoandika kwamba yeye hutumia kiasi fulani na hapati shida, anazungumzia unga alionunua yeye, wiki hiyo, kwa muuzaji wake. Heroini inayofika kwetu huvuka Bahari ya Hindi kwa majahazi, inapita mikono mingi, na kila mkono unachanganya: parasetamoli, kafeini, chochote cheupe au cha kahawia kinachofanana nayo. Kete mbili za kijiwe kimoja zinaweza kuwa hazilingani. Macho hayatambui, ulimi hautambui, aliyeuza hajui. Wa kujua ni maabara, kama ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kete ya kijiweni haijapita huko. Kwa hiyo neno lolote la "kiasi salama" kutoka kwa mtu wa mbali halina mguu wa kusimamia, hata kama aliyeliandika ana nia njema na ametumia miaka ishirini.

Na huyo kijana aliyejifungia wiki akatoka mzima, namwamini. Ninachokataa ni video yake kuwa ushahidi kwa mdogo wako. Waliojifungia kama yeye, wakatoka, wakarudia kete, wakafia chooni, hawakurekodi video. Mwili uliokaa bila heroini wiki moja au mbili unapoteza uzoefu wake. Kiasi kilekile alichokuwa anakimudu mwezi uliopita kinaweza kumuua leo. Siku za hatari kuliko zote kwa mtu kama yeye ni hizo za baada ya kuacha, anapotoka rumande, hospitalini au kwenye chumba cha kufungiwa. Tafadhali usimfungie chumbani, mwanangu. Kuharisha na kutapika bila maji ya kutosha kwenyewe kunaweza kumwangusha. Na kama anakunywa pombe kila siku au anameza Valium, vile vidonge vya usingizi, kukatisha vitu hivyo ghafla kunaweza kuleta degedege na kifo, jambo ambalo video ya kijana huyo haikuligusa kwa sababu yeye hakuwa navyo.

Maziwa na maji baridi sahau kabisa. Jirani kakufundisha kwa upendo, lakini aliyeyanywa na kuamka angeamka hata bila maziwa, na aliyezidiwa kweli ukimnywesha kitu kinaingia kwenye mapafu. Dalili za kuzidiwa ni hizi: humwamshi, anapumua taratibu mno au anakoroma kwa sauti ya maji maji, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, midomo na kucha zinageuka rangi ya majivu. Muite kwa nguvu, msugue mfupa wa kifua kwa vidole vilivyokunjwa. Asipoitika, tuma mtu atafute usafiri, na kama hapumui mpe pumzi mdomo kwa mdomo. Akiwa anapumua mlaze ubavu. Mkimbize hospitali na useme wazi "ametumia heroini", usione haya, maana dawa ya kuizima ipo, inaitwa nalokso. Akizinduka baada ya kuchomwa asiondoke mbio. Nalokso inaisha nguvu mapema, huenda ndani ya saa moja, na heroini iliyobaki mwilini inaweza kumlaza tena.

Ya mjomba ni mafupi. Malawi mwaka 2020 waliruhusu kilimo cha bangi chenye leseni kwa matibabu na viwanda, si kuvuta. Ukivuka Kasumulu kurudi Kyela, hata hicho hakipo: kwetu bangi ni kosa chini ya sheria ya dawa za kulevya ya 2015. Mirungi ni hivyo hivyo, Kenya ni zao halali, hapa unafungwa. Habari ya sheria ina mipaka ya nchi, mtu akikwambia "imeruhusiwa" muulize wapi. Na bangi haitibu arosto ya heroini. Kokteli aliyonayo mdogo wako tayari ina bangi ndani, angekuwa amepona.

Video ya Tunduma: simamisha picha, isome mabango ya maduka, namba za magari, angalia wanaendesha upande gani wa barabara. Kisha piga picha ya kioo cha simu na uitafute kwenye Google Lens. Video za namna hii nyingi ni za mtaa wa Kensington huko Philadelphia, Marekani, zimerushwa dunia nzima na kila nchi imeziandika jina la mji wake. Sierra Leone nako, ambako rais alitangaza hali ya dharura mwaka 2024 kwa sababu ya dawa iitwayo kush, ilisemwa sana kwamba imetengenezwa kwa mifupa ya binadamu kutoka makaburini. Sampuli zilipopimwa zikakutwa na kemikali za kutengenezwa, nyingine kali kuliko heroini. Watu walichimba makaburi kichwani huku muuaji mwenyewe akipita.

Neno moja kuhusu upande wa wakubwa, maana mdogo wako atakurushia. Mabango na hotuba zetu husema ukijaribu mara moja umekwisha. Si kila aliyejaribu amekuwa teja, na kijana anayewaona hao mtaani kwake akishagundua tumetia chumvi hapo, hatatuamini tena tunapomwambia habari ya kurudia kete baada ya kuacha, ambayo ni kweli tupu. Na kampuni yenye jina vilevile huweza kukosea: Bayer, kampuni ya dawa ya Ujerumani, waliiuza heroini kuanzia 1898 kama dawa ya kikohozi, wakidai haimfanyi mtu mtumwa. Walikuja kusahihishwa na hospitali zilizoanza kuhesabu watu walioshindwa kuiacha. Kwa hiyo nembo nayo iulizwe inajuaje. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya nawategemea bila wasiwasi kwa sheria na kwa vituo vya tiba viko wapi, hayo ni kazi yao. Wana simu ya bure, 119. Ukiingia kwenye tovuti hakikisha anwani inaishia na go.tz, kwa sababu zipo za kuiga.

Jumatatu asubuhi nendeni hospitali ya rufaa mkaulize kliniki ya methadoni. Akikataa, nenda peke yako kwanza ukaulize, kisha umrudishie majibu yenye jina la aliyekujibu. Watamhoji na kumpima mkojo. Kama amemeza dawa ya kikohozi yenye kodeini, aseme mapema, kwa kuwa nayo hujionyesha kama heroini kwenye kipimo cha kawaida. Na aliyokwisha kutumia yote yatajwe: bangi, pombe, vidonge vya usingizi. Kama kuna mtishamba wowote alioonjeshwa na ndugu wakati nyie hamjui, chukueni pakiti yake hivyo hivyo ilivyo mwende nayo.